Hodi ya Waifai: Simu Nayo Iulize "Nani?"

Juzi niliingia nyumba moja ya wageni Mji Mkongwe. Mapokezi, neno la siri la waifai limebandikwa ukutani kwa herufi kubwa. Kompyuta yenye nakala za pasipoti za wageni imo kwenye mtandao uleule. Niliumia.

Kwetu ukipiga hodi unaulizwa "Nani?" Ukijibu "mimi", unaulizwa tena: mimi nani? Waifai nayo ina hodi yake. Kwenye WPA2, kanuni ya ulinzi wa waifai iliyotoka 2004, simu na ruta (kile kisanduku kinachotoa waifai) hupelekeana ujumbe mara nne, kila mmoja akithibitisha kuwa analijua neno la siri bila ya kulitamka hewani. Ufundi mzuri, lakini neno likishakuwa ukutani, anayelijua akizinasa jumbe hizo anaweza kuyafungua mawasiliano ya mwenziwe, isipokuwa yale yaliyofungwa kwa ufunguo wake mwengine, kama ya benki. Asiyelijua naye huzinasa, akaenda kujaribu maneno nyumbani kwa nafasi yake mpaka lipatikane.

WPA3 ya 2018 imeziba mianya hiyo miwili. Hata hivyo, kama watu kumi wanatumia neno moja, anayeacha kazi anaondoka nalo.

Kwa hiyo nasema wazi: ofisi, skuli na hoteli zetu zihamie 802.1X, utaratibu wa kumuuliza kila mtu jina lake kabla ya kuingia mtandaoni. Kila mfanyakazi ana jina na neno lake. Ruta haiamui, inaiuliza seva ya RADIUS, yaani kompyuta yenye orodha ya majina hayo, nayo inajibu aingie au asiingie. Mtu akiondoka, unafuta jina lake tu. Programu ya kuiendesha seva hiyo, FreeRADIUS, ni ya bure, na kwa ofisi ndogo hata kompyuta kuukuu inaiweza.

Linalonikera zaidi ni mafundi wanaoifunga kazi hii nusu. Kwenye sehemu ya cheti cha seva, yaani kitambulisho cha kuionesha simu kuwa seva ndiyo yenyewe, wanachagua "usithibitishe", simu ziunge haraka. Hapo umeifundisha simu kuingia nyumba yoyote iliyoandikwa jina lako mlangoni! Mtu akikaa Forodhani na ruta yake, akaipa jina la mtandao wa ofisi yako, simu ya mfanyakazi aliyetoka kula urojo inaweza kumpelekea alama zilizotokana na neno lake la siri, naye akalitafuta taratibu. Mgeni naye ana haki ya kujua kabisha hodi kwa nani.

Mwenye nyumba ile nimemuomba aanze na dogo: wageni wawe na mtandao wao peke yao, na karatasi ya ukutani ibaki ya huo. Pasipoti zihame leo.