The Inspector: vicheko vya kupachikwa na thamani ya nakala za sinema

Mtu mzima anayetoa pesa kununua diski za The Inspector, katuni za mpelelezi wa polisi wa Kifaransa, huambiwa anaununua utoto wake. Sikatai moja kwa moja. Katuni hizo fupi 34, zilizotengenezwa na kampuni ya DePatie-Freleng kwa ajili ya majumba ya sinema kati ya 1965 na 1969, zilichorwa kwa bajeti ndogo. Paris yake ni mistari michache na rangi bapa. Kisa nacho unakijua mapema: Kamishna anamtuma Inspekta, Inspekta anamfukuza mhalifu, balaa linamrudia mwenyewe. Utani wa lafudhi ya Kihispania ya Sajini Deux-Deux, msaidizi wa Inspekta, pia unawakera baadhi ya watu, na wana haki.

Ila wengi wanaoibeza wanaikumbuka ile ya televisheni. Mwaka 1969 NBC, kituo cha televisheni cha Marekani, ilipoiingiza katika kipindi cha The Pink Panther Show, ilipachikwa vicheko vya watazamaji wasiokuwepo, na hapo ndipo ilipoharibiwa. Friz Freleng, aliyeanzisha kampuni hiyo pamoja na David DePatie baada ya studio ya katuni ya Warner Bros. kufungwa, alikuwa fundi wa kupima muda. Bomu linalipuka, moshi unatawanyika, mtu kasimama mweusi tii kwa masizi, kimya. Kimya kile ndicho kichekesho chenyewe. Mtazamaji anaachiwa nafasi acheke kwa wakati wake. Mpachikie kicheko cha mashine, umeshamwamulia.

Sauti zinaumia zaidi. Pat Harrington Jr. aliigiza Inspekta na Deux-Deux wote wawili. Sajini anajibu "sí", yaani "ndiyo" ya Kihispania, bosi anamkemea aseme "oui" ya Kifaransa, na utamu wote umo katika kile kituo kidogo kati ya jibu na karipio. Kicheko kikikatiza hapo, kinabaki kichekesho cha lafudhi tu, yaani kilekile kinachowakera watu.

Wapo wanaosema siku hizi katuni zinapatikana bure mtandaoni, diski za nini? Swali ni nakala ipi. Vicheko vikishachanganywa na muziki na maneno katika sauti moja, kuving'oa bila kujeruhi vingine ni kazi ngumu mno. Lazima urudi kwenye nakala ya sinema, isiyo na vicheko hivyo, na hiyo ndiyo wakusanyaji wanayoitafuta. Kwa maoni yangu, bei wanayoilipa ni halali.