Kiingereza Kiulizwe kwa Kiswahili

Mpwa wangu yuko kidato cha kwanza. Miaka saba ya shule ya msingi alisoma kwa Kiswahili. Sasa hesabu, biolojia, jiografia, vyote ni Kiingereza. Juzi alinijia na daftari lenye alama ya kosa kwa wino mwekundu. Kwenye "Amevaa shati jekundu" alikuwa ameandika "He has worn a red shirt." Mwalimu alitaka "He is wearing."

"Mjomba, mbona simu iliniambia -me- ni has?"

Nikaisoma simu. Alikuwa ameiuliza akili mnemba kwa Kiingereza chake cha kuungaunga, maneno matano tu, nayo ikamjibu kwa ufupi uleule: "amekula" ni "has eaten." Hapo haikukosea. Ila -me- yetu haina kazi moja. Amelala, amesimama, amekaa, amevaa: tendo limekwisha, hali bado ipo, na Kiingereza huisema hali hiyo kwa "is": is asleep, is standing, is sitting. Tena sisi husema "nimefika jana" na hakuna anayeshtuka. Kwa Kiingereza ukishataja jana, "I have arrived" haikai, ni "I arrived."

Tukauliza upya kwa Kiswahili, sentensi nzima, tukaitaka ituonyeshe lugha hizi mbili zinaachana wapi. Maelezo yakaja marefu, yenye mifano, na mtoto akaelewa.

Mimi nakipenda chombo hiki. Binti huyu darasani hanyanyui mkono, anaogopa kuchekwa, lakini kwenye simu aliuliza mara nne kwa nini ni "an hour" halafu "a university," mpaka akashika kwamba kinachoangaliwa ni sauti, si herufi. Nani angemvumilia mara nne katika darasa lililojaa? Ninachokataa ni kumwacha mtoto aulize kwa lugha asiyoijua kuhusu lugha hiyohiyo. Sarufi anayo tayari kichwani, ya Kiswahili, na ndiyo ngazi yake. Walimu wa Kiingereza wawafundishe watoto kuuliza hivyo, na wayapitie majibu pamoja nao, maana jibu nusu huenda mbali likiwa halina msahihishaji.

Jioni ile aliandika sentensi kumi za mambo ya nyumbani. "Bibi amekaa mkekani": is sitting. Alipofika "mlango umefungwa" akasita, akanitazama. Hapo zote mbili zinafaa, nikamwambia: "is closed" ukisema hali, "has been closed" ukisema tendo. Akaziandika zote.