Mashine ya huku na penseli ya dokta wetu

Nina miaka mingi ughaibuni na huwa siingii kwenye haya mabishano ya matibabu ya huku na ya nyumbani yapi bora, kila mtu ana lake, ila mwaka huu nilienda kupima macho nikarudi na barua ya rufaa na moyo unadunda, sasa ngoja na mi niseme.

Nilifata miwani ya kusomea tu. Nimevuka 40, simu naisogeza mbali mpaka mkono unaisha, jambo la kawaida, ile lenzi ya ndani ya jicho inakakamaa na umri na haijirekebishi tena kwa vitu vya karibu. Lakini huku wanapima kila kitu. Kidevu weka hapa, paji la uso pale, usipepese, pfuu upepo kwenye jicho, alafu picha, alafu kuna mashine ingine inaangalia retina kwa mwanga tabaka kwa tabaka bila hata kukugusa. Muda wote huo nimetaja jina langu na tarehe ya kuzaliwa, basi. Mwisho kijana mmoja mpole akanigeuzia skrini ina kijani, njano na nyekundu, mi nina njano. Akasema presha ya jicho ni 17, nzuri, maana kawaida inacheza kati ya 10 na 21, ila ule mshipa wa fahamu unaotoka jichoni kwenda kwenye ubongo una kishimo katikati na changu ni kipana, na glakoma, ule ugonjwa wa kuua huo mshipa, saa ingine inakuja hata presha ikiwa sawa. Kwenu kuna mtu ana glakoma?

Nikabaki namwangalia. Najua mama anaweka matone kila jioni, ya nini sikuwahi kuuliza.

Usiku ule sikulala maana nilisoma kwenye intaneti (msifanye hivo). Glakoma inaanza kula uoni wa pembeni, mara nyingi haiumi, unakuja kushtuka umeanza kujigonga kwenye milango, na kilichopotea hakirudi. Na ikiwa mzazi au ndugu wa tumbo moja anayo, hatari yako inapanda. Kulipokucha nikampigia dokta wetu wa macho nyumbani.

Huyu mzee amekaa kwenye kamji kale kadogo zaidi ya miaka 30, macho yote ya pale yamepita mkononi mwake. Hana pa kujificha, hata msibani mtu anamvuta pembeni anajifunua kope, dokta nitazame hapa kidogo. Wale wasiojua kusoma alikuwa anawapima na chati ya herufi E zilizogeuzwa huku na huku, unaonyesha kwa vidole imeelekea wapi, na kuna bibi mmoja alikuwa ameikariri yote ili asipasuliwe mtoto wa jicho, dokta akaichukua chati akaigeuza juu chini bila kusema kitu, bibi akaendelea kujibu ileile. Dokta alicheka mpaka akavua miwani. Bibi alipasuliwa, na kesho yake asubuhi alipofunguliwa bandeji kitu cha kwanza alichosema ni kwamba dokta kumbe umezeeka hivi.

Alikuwa anapenda kutuhadithia habari za Harold Ridley, daktari wa London aliyeweka lenzi ya bandia ndani ya jicho la mtu mwaka 1949, wazo alilipata kwa marubani wa vita walioingiwa na vipande vya plastiki vya kioo cha ndege, akaona jicho linavivumilia. Wenzake wakampinga miaka na miaka. Hapo dokta alikuwa anapiga meza, naona kuna watu wa kwake aliokuwa anawajibu.

Basi nikamweleza. Akasema subiri mwanangu usikate. Nikasikia kabati, nikasikia karatasi, muda ukaenda. Aliporudi akasema ulikuja hapa una miaka 19, jicho linakuwasha, nikakutilia matone ya kutanua mboni ukashinda unalilalamikia jua. Akanitumia picha WhatsApp. Kadi imegeuka rangi, duara mbili za penseli, kila moja ina duara dogo ndani, pembeni kaandika 0.6 kulia, 0.6 kushoto, yaani upana wa kishimo ukilinganisha na duara lote. Kishimo changu kilikuwa hivo hivo tangu nikiwa kijana! Akasema vishimo hivo umevitoa kwa babako, vyake vilikuwa vikubwa hivo na havikubadilika mpaka anafariki. Ila glakoma mamako anayo, kwa hiyo kila mwaka upimwe, usinifanyie ujanja.

Sasa msinielewe vibaya, sisemi nyumbani ni peponi. Alichora kwa penseli kwa sababu kamera hakuwa nayo. Alivyougua yeye miezi miwili mji mzima ulikaa kumsubiri, kuna mtu alisubiri na jicho jekundu linalouma na sijui liliishia wapi. Mkono ulipoanza kutetemeka aliacha kupasua kabla hajaambiwa na mtu, na tangu siku hiyo wenye mtoto wa jicho wanasafirishwa mbali, wengine hawaendi kabisa. Huku mashine ingeona glakoma ya mama miaka kabla, hilo nalikubali na linaniuma.

Ninachokataa ni huku kudhani mashine imemaliza. Ile njano yangu ilitokana na kunilinganisha na watu nisiowajua, kadi ilinilinganisha na mimi mwenyewe wa zamani, na hicho ndo kipimo ambacho huku hakuna aliyekuwa nacho, maana nimehama kliniki mara nne na kila nikienda ni sura mpya na maswali yaleyale. Jina la ugonjwa wa mama nimeambiwa na mtu aliye mbali, kwa simu!

Siku ya rufaa ikafika, baada ya miezi minne. Daktari mama mmoja akaangalia picha ya kadi muda mrefu, akaikuza kwa vidole, akapima tena mwenyewe, akasema 0.6. Tutakuona kila mwaka. Akataka kuiingiza picha kwenye faili langu, kompyuta ikamuuliza imetoka kwenye mashine gani, akashuka na ile orodha mpaka mwisho, penseli haimo, akabonyeza "nyinginezo".