Jino la Papa wa Kale Lisilojulikana Lilikotoka

Mpishi yeyote wa Mombasa aliyewahi kumkata papa anajua kwamba kiunzi cha mwili wake ni gegedu tupu, si mifupa. Kigumu hasa ni meno. Gegedu huoza upesi. Kwa hiyo megalodoni, papa mkubwa aliyetoweka miaka milioni 3.6 hivi iliyopita, ametuachia meno kwa wingi na vingine vichache mno. Papa hudondosha meno na kuota mapya maisha yake yote, maelfu kwa maelfu, na makubwa ya megalodoni yanapita sentimita 17.

Meno hayo huuzwa, na mvuto wake kwa mnunuzi hauhitaji maelezo marefu. Jino hulishika mkononi, makali yake kama msumeno bado yapo, na rangi yake, nyeusi au kijivu, imetoka kwenye madini ya tope lililolifukia. Mwanasayansi naye hulisoma: mwaka 2023 kemia ya meno ilionyesha kuwa mwili wa megalodoni ulikuwa na joto la takriban nyuzi 7 zaidi kuliko maji yaliyomzunguka.

Wanasayansi wengi hulaumu biashara hii ya meno kwa kuvifungia visukuku, yaani mabaki ya viumbe wa kale yaliyohifadhiwa ardhini, makabatini mwa watu. Lakini wakusanyaji hujibu kwamba kule Khouribga, Moroko, meno ya papa wa kale hutoka ardhini pamoja na fosfeti, madini ya kutengenezea mbolea, na yasiyookotwa huishia kusagwa. Hoja yao hii ina uzito, nami siwezi kuipuuza.

Iko pia habari ya Gordon Hubbell, mkusanyaji wa Florida. Kisukuku cha papa kilichofukuliwa Peru mwaka 1988, chenye taya na meno 222, kilifika mikononi mwake, naye akakikabidhi kwa jumba la makumbusho la Florida. Watafiti walirudi mpaka pale kilipochimbwa, wakapima upya tabaka la mwamba, na umri uliodhaniwa kuwa miaka milioni 4.5 ukawa milioni 6.5 hivi. Mwaka 2012 papa huyo akapewa jina la Hubbell. Kisukuku hicho kiliwatilia nguvu wanaosema papa mweupe wa leo ni wa ukoo wa papa aina ya mako, wala hakutokana na megalodoni. Yote hayo yaliwezekana kwa kuwa mahali palijulikana. Jino zuri lililouzwa mara tatu bila mtu kuandika lilikotoka lingebaki pambo tu.

Sisi Mombasa tunahusika. Miamba ya Miritini ni ya enzi ya Jurasiki, mamilioni mengi ya miaka kabla ya megalodoni, na hutoa visukuku vya amonaiti, viumbe wa bahari wa kale wenye gamba lililojiviringa; reli na barabara zimeikata. Sheria ya Makumbusho na Urithi ya 2006 inasema kisukuku kilichomo ardhini ni mali ya Serikali, na hakisafirishwi nje bila kibali. Naiunga mkono. Hata hivyo, kibarua anayejua kwamba atanyang'anywa alichokiona bila hata shukrani atakitupa, au atakiuza usiku. Afisa wa makumbusho pale Fort Jesus akimwomba ampeleke alipokiokota, wakapiga picha tabaka lenyewe, kisha jina la kibarua likaandikwa kwenye kibandiko cha kabati la maonyesho, tabaka litajulikana na kibarua atakuwa na sababu ya kurudi na kingine.