Raba Nyeupe na Kisigino Changu

Naandika hapa mguu wa kulia uko kwenye beseni la maji ya chumvi, wa kushoto unasubiri zamu yake. Zile raba nyeupe, fupi, zinazoishia chini ya kifundo, ukivaa na gauni watu wanasema eeh dada leo umetoka. Nimetoka kweli, nimetoka ngozi.

Na dukani niliingia na heshima zangu, mtu mzima. Kosa langu nilienda asubuhi, mguu bado mwembamba una adabu, wakati ikifika jioni unavimba unakuwa mguu wa mtu mwingine. Nikasema naomba 40. Kijana akanitazama miguu kama fundi anayetazama ukuta uliopinda, akaleta 39. Mdogo wangu, nimesema 40. Dada, hii mtindo wake inatakiwa ishike mguu. Haya, nikaingiza vidole, kisigino kikabaki nje kinashangaa, kijana akapiga magoti akachomeka kidole nyuma akawa anasukuma, mimi nimeshika rafu, tunahema wote wawili kama tunahamisha kabati. Ikaingia. Nikamwambia vidole vimekunjana. Akafikiria, akanivua zote mbili, akabandua zile soli za ndani, zile laini, kitu pekee chenye huruma kwenye kiatu kizima, akazisokomeza mfukoni akasema haya dada, sasa ni 40. Jamani! 39 na 40 zinapishana karibu milimita 7, za kwenda mbele, sio za kwenda chini!

Sasa kile kioo chao kimeegemezwa sakafuni, kinaonyesha miguu tu. Nikaona miguu imependeza mpaka nikahisi sio yangu. Uso ungeonekana ungeniokoa, ningeona nilivyoukunja. Nikapiga hatua tatu kwenye zulia. "Zitaachia tu dada." Nikalipa.

Hazijaachia. Soli bapa vile, nikikanyaga sarafu nakwambia upande gani umelala juu.

Zile soksi za kujificha nazo, hatua ya kumi tu ishavuka kisigino iko katikati ya unyayo imejikunja kama panya. Halafu weupe wenyewe, natembea nimeinama nakwepa vumbi, watu wanadhani nina maringo siku hizi sisalimii.

Na nani alikaa akaamua mguu wa mwanamke umechongoka mbele? Raba za kaka yangu mbele ni pana, vidole vimekaa kama viko sebuleni. Mimi kidole changu kidogo kimelaliwa na mwenzake tangu asubuhi! Dada yangu anavaa madude yenye soli nene kama mitumbwi, nimemcheka weeee, leo kanipita njiani na mzigo kichwani, hata hakucheka, kaniambia pole tu, ndo iliyoniuma kuliko lengelenge.

Maji yashapoa. Na soksi moja siioni, nadhani imebaki kule ndani kwenye ncha, mkono wangu huko siingizi. Zile soli sijui kijana anazifanyia nini mfukoni.