Mtoto mwenye kufuli shingoni

Jana rafiki yangu kanitumia picha WhatsApp, mchoro wa zamani wa Waingereza, wa kama mwaka 1719, kaandika chini yake "ona wazee walivyotulia". Kweli wametulia. Mabwana wenye mawigi wamekaa mezani, mvinyo upo, tumbaku ipo, mmoja wao ni Elihu Yale, ndo huyohuyo ambaye chuo cha Yale kule Marekani kinaitwa kwa jina lake kwa sababu mwaka 1718 alikipa vitabu na marobota 9 ya bidhaa. Yupo na mkwe wake pia, Lord James Cavendish.

Nikaivuta picha kwa vidole niangalie pembeni. Kuna mtoto mweusi kasimama anawahudumia, na shingoni kavalishwa mkanda wa chuma wenye kufuli. Kufuli jamani! Nikaweka simu chini.

Watafiti wa makumbusho yenye mchoro huo, Yale Center for British Art, walikadiria ana miaka kama 10. Jina lake halijapatikana. Na kwa nyuma kuna watoto wa familia wanacheza bustanini, wadogo kama yeye, shingo zao wazi.

Najua wapo watakaosema ndo zilikuwa enzi zile. Haya, Yale hakuwa peke yake kuchorwa na mtoto mtumwa pembeni, nakubali, na mchoraji naye alikuwa fundi. Ila hebu fikirini, huyo fundi alikaa akalichora lile kufuli taratibu, kwa rangi ileile aliyochorea vitu vya thamani, na hao mabwana hawakuona haja ya kulificha, yaani walitaka wajukuu zao walione, lilikuwa pambo kama pete ya kidoleni. Sasa mtu akiniambia nitazame utulivu tu niache kufuli, ananiambia nitazame nusu ya mchoro, maana utulivu wenyewe unashikiliwa na huyo mtoto.

Nilipokuwa shule tulipelekwa Mkunazini, Unguja, palipokuwa soko la watumwa, pale penye sanamu za watumwa ndani ya shimo, minyororo shingoni. Mwenzetu mmoja alikuwa anacheka cheka njia nzima, alipofika pale akanyamaza mpaka tunapanda boti.

Oktoba 2020 makumbusho waliutoa kwa muda ule mchoro wa Yale ukutani wakaweka wa Titus Kaphar, mchoraji Mmarekani mweusi. Yeye kauchora upya uleule, kawakunja mabwana wote wakawa kama karatasi iliyofinyangwa, sura ya mtoto kaizungushia fremu ya dhahabu, na shingoni hana chuma. Nimeuangalia muda mrefu sana. Mtoto anakutazama usoni.

Nimemrudishia rafiki yangu picha yake. Nimewakata wazee wote, nimembakiza mtoto. Imekuwa ndogo na ina ukungu, kwa sababu tangu mwanzo hawakumpa nafasi.