Tanzia ni ya George, si ya Lennie

Kila ikitajwa riwaya fupi ya John Steinbeck ya mwaka 1937, Of Mice and Men, hakosi mtu wa kusema: inasikitisha, lakini si tanzia, yaani hadithi ya anguko kuu la mtu. Eti Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, alitaka tanzia iwe ya watu wenye hadhi, na hawa, George na Lennie, ni vibarua wawili tu wa mashambani California. Hoja hiyo siipi muda. Mwandishi wa tamthilia Arthur Miller aliijibu mwaka 1949, na yeyote aliyewahi kufukuziwa kodi ya nyumba anajua kwamba hata mtu wa chini ana pa kuangukia.

Iliyo nzito ni nyingine: kwamba yote ni ajali tu, na ajali si tanzia. Lennie ana akili ya kitoto na hajui nguvu za mikono yake. Panya, mtoto wa mbwa, kisha mke wa Curley, mwana wa mwenye shamba wanakofanya kazi: wote wanafia mikononi mwake, naye alitaka kupapasa kitu laini tu. Hiyo ni balaa, nakubali. Ila anayechagua ni George.

Mtazame mzee Candy, aliyepoteza mkono kazini. Kibarua mwenzao Carlson anamtoa nje mbwa kikongwe wa Candy akampige risasi, naye Candy kajilaza anakodolea dari. Baadaye anamwambia George kwamba ilimpasa amuue mwenyewe, asimwachie mtu baki. George anayasikia hayo. Mwishowe ni bastola ileile ya Carlson anayoishika kando ya mto, akimsimulia Lennie shamba wanaloota kulinunua na sungura wake, kisha anampiga risasi kabla Curley na wenzake wanaomsaka hawajafika. Hakusukumwa na ajali yoyote.

Na ndoto yenyewe haikuwa porojo. Shamba lilitakiwa dola 600. Candy aliahidi 350, nyingi zikiwa fidia ya mkono wake. Hesabu ilikuwa inakaribia kutimia! Mke wa Curley alipokufa ndipo George anakiri kwamba anadhani alijua tangu mwanzo haitawezekana, ila Lennie aliipenda mno hadithi ile hata naye akaanza kuiamini. Aristotle alithamini sana pale mhusika anapotoka gizani na kujua. George anajua, kisha anatenda.

Kama yumo mtu wa kuitwa mwenye bahati mbaya tu, basi ni Candy. Pesa anazo, wenzi wa kununua nao shamba hana tena, na bweni la vibarua bado linamsubiri alifagie.